Orijino na Kopi

Dukani alikofanya kazi walimwita Dada Kopi. Hakuna aliyekumbuka kama jina hilo alipewa na wateja au alijibandika mwenyewe, maana yote mawili yaliwezekana. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu mkabala na ofisi za ardhi: mbele mashine za fotokopi, katikati rafu za bahasha na karatasi, na nyuma kabisa, penye joto kuliko pengine pote, mashine ya kubandika maandishi kwenye fulana. Hiyo ya nyuma ilikuwa ya mwenzake, mwanamke mpole mwenye miwani ambaye wote walimwita Fundi Fulana.

Dada Kopi hakuwa mpole. Mzee akija kutoa kopi mbili za kitambulisho chake, alimwambia, "Nikutolee moja tu, mzee wangu. Mkiwa wawili bibi atachanganyikiwa." Mtu akileta karatasi iliyokunjamana, alimuuliza kama yeye ndiye aliyeilalia karatasi au karatasi ndiyo iliyomlalia yeye. Watu walikuwa radhi kusimama kwenye foleni yake hata kama duka la jirani lilikuwa tupu.

Kwa hiyo siku alipokwenda kupimwa ujauzito, akalala chali, tumbo limepakwa ule ute wa baridi, alikuwa ameshaandaa neno la kumchekesha mpimaji. Hakupata nafasi ya kulisema. Mpimaji alisogeza kifaa, akakituliza, akakisogeza tena, kisha akamgeuzia kioo.

"Unakiona hiki? Ni moyo."

Dada Kopi alikodoa macho. Kitu kidogo mno kilikuwa kikipwitapwita gizani.

"Na huu hapa ni moyo mwingine."

"Wangu?"

"Wako uko huku juu, mama. Hawa wamo wawili."

Mpimaji akafungulia sauti. Zikasikika mbio za haraka, kama watu wawili wanaokimbia kwenye korido moja na hakuna anayempita mwenzake. Dada Kopi, ambaye tangu ajue kusema hakuwahi kukosa neno, siku hiyo alilikosa. Baadaye alisimulia kwamba alijiona kama nyumba ambayo mwenyewe hakujua ina vyumba vile.

Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa akimngoja kwenye benchi la nje. Alipomwona anatoka kimya akasimama kwa hofu.

"Kuna nini?"

Hapo ulimi ukamrudia. "Mume wangu, nimepiga kopi."

"Umepiga nini?"

Akamwonyesha vidole viwili. Fundi akajibwaga kwenye benchi bila kutazama, nusura amkalie mgonjwa aliyekuwa ameshachukua nafasi yake.

Utani huo ulifika dukani kabla yake. Haukupita muda, Fundi Fulana akachapa fulana mbili nyeupe za kitoto kwa herufi nene nyeusi: moja ORIJINO, nyingine KOPI. Duka zima lilicheka mpaka mbavu zikauma. Afisa mmoja wa ardhi, mtu ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, aliziinua juu akazionyesha foleni yote. Dada Kopi akaagiza nyingine za kubadilisha.

Watoto walizaliwa asubuhi, jua limejaa dirishani. Wa kwanza alikuja akipiga kelele. Wa pili alikuja kimya, macho wazi, kama mtu aliyekwisha kuambiwa habari za chumba hicho na sasa anahakikisha kama ni kweli. Wasichana wote wawili. Mkunga aliwalaza kifuani kwa mama yao, na ingawa kazi hiyo ilikuwa yake ya kila siku, alisimama akiwatazama kupita muda aliouhitaji.

"Hata nyusi," alisema taratibu. "Hata unywele mmoja haukubadilishwa."

Akawafunga utepe mkononi, wa kwanza mwekundu, wa pili wa buluu. Majina yalikuwa tayari: wa kwanza alichukua jina la marehemu mama yake Dada Kopi, wa pili la shangazi wa baba yao. Walipofika nyumbani utepe ukaanza kuwakwaruza ngozi, ukakatwa, na fulana zikashika kazi ya utepe. Mwenye ORIJINO ni wa kwanza, mwenye KOPI ni wa pili. Rahisi kabisa.

Kila mgeni aliyeingia alisoma akaangua kicheko. Akilia wa pili, mtu alisema, "Kopi imekwama!" Akicheua maziwa, "Wino umevuja!" Dada Kopi alikuwa amechoka vibaya, anasinzia huku ameketi, mgongo unamuuma, nywele hajazichana tangu juzi. Vicheko vile vilimwinua. Bila hivyo, alisema, angekuwa analia pamoja nao.

Kisha akaja mama mkwe.

Alikuja na begi moja na pasi yake mwenyewe. Maisha yake ya kazi yote aliyapitisha kwenye chumba cha kupigia pasi cha hoteli moja kubwa, na hakuiamini pasi ya mtu mwingine. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa maneno machache. Alinawa mikono, akaketi, akapakatishwa wajukuu wote wawili. Aliwatazama muda mrefu mpaka wenye nyumba wakaanza kuangaliana. Halafu macho yakashuka kwenye fulana, akasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma jina la dawa asiyoijua.

"Orijino." Akamgeukia wa pili. "Kopi."

Dada Kopi alikuwa ameshaanza kucheka ili kumfungulia njia.

"Nani kopi?" mama mkwe aliuliza.

"Huyo wa pili, Mama. Ni utani tu. Si unajua mimi ni mtu wa fotokopi?"

"Wewe ndiye mtu wa fotokopi. Yeye je?"

"Yeye hata kusoma hajui, Mama!"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, mwanangu."

Fundi majokofu akaona moto unataka kuwaka, akajitia katikati. "Mama, watu wanafurahi tu. Halafu zinatusaidia. Ukiwavua hizo, mimi baba yao siwezi kujua yupi ni yupi."

"Huwezi?"

"Nani anaweza?"

Mama mkwe aliwarudisha wajukuu, akauliza nguo za kunyoosha ziko wapi. Tangu siku hiyo kuwaogesha na kuwavisha watoto kukawa kwake. Aliwaogesha asubuhi, na mchana pia kukiwa na joto, na nepi zao zilinyooka kama mashuka ya wageni wa hoteli. Habari ya fulana hakuigusa tena. Dada Kopi akadhani yameisha.

Siku moja jirani alikuja na zawadi, shali nzuri ya sufi na soksi ndogo za kawaida. Akamfunika shali mwenye ORIJINO. Soksi akamwekea mwenzake kifuani, akasema, "Na wewe chukua hizi. Kopi haihitaji mengi, au vipi?" Chumba kizima kikacheka. Dada Kopi naye alicheka, lakini kicheko kilipofika katikati kikampoa ghafla, kama mtu aliyemeza kipande cha barafu. Alimtazama mtoto aliyekuwa mapajani mwake, yule wa KOPI. Mtoto alikuwa anamtazama yeye, macho wazi, hapepesi. Alipoinua uso, mama mkwe alikuwa ameshatoka nje. Wageni walipoondoka aliwafunika wote wawili kwa shali moja, akaendelea na shughuli zake.

Kilichofichua mambo ni jicho. Mwenye KOPI alitoka tongotongo jicho la kushoto, wakapewa dawa ya matone kliniki. Asubuhi Dada Kopi alimtilia dawa mwenye fulana ya KOPI. Mchana, baada ya kuoga, alimkuta mwenye KOPI jicho safi kama kioo. Akafurahi. Alipomgeukia mwenye ORIJINO akaona tongotongo zimejaa, jicho la kushoto vilevile. Akajisemea, basi, wameambukizana. Kesho yake ugonjwa ukawa umerudi kwa Kopi, na Orijino hana kitu. Alisimama katikati ya chumba na kichupa mkononi.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, mezani, na pasi yake.

"Mama, jicho la mtoto linahama."

"Jicho halihami," mama mkwe alijibu bila kuinua kichwa. "Fulana ndizo zinazohama."

"Umewabadilisha?"

"Ndiyo."

"Leo?"

"Leo. Na jana." Akaisimamisha pasi wima. "Na tangu siku ile niliyofika."

Dada Kopi alimpigia simu mumewe, na kwa jinsi alivyopaza sauti, fundi aliacha jokofu la watu wazi, akaja mbio na bisibisi mfukoni. Alimkuta mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika kichwa. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono imekunjwa mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mama, ni kweli?"

"Kweli."

"Kwa nini lakini? Hawa wana majina! Sasa tutajuaje nani ni nani?"

Mama mkwe alivuta pumzi. "Mimi nilizaliwa pacha," alisema.

Fundi alitoa macho. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kuanzia, na neno hilo hakuwahi kulisikia.

"Dada yangu alitangulia. Mimi hakuna aliyenitarajia. Wakunga walikuwa wameshaanza kukusanya vitu vyao, ndipo nikaja. Wakacheka. Wakaniita Nyongeza. Ulikuwa utani tu, kama huu wenu. Dada akapata homa, akafariki, hatujawa hata na nguvu za kutembea vizuri. Watu wakaja kutoa pole. Wanauliza, aliyefariki ni yupi? Wanajibiwa, ni yule mwenyewe. Aliyebaki ni Nyongeza."

Mtoto mmoja alipiga chafya, hakuna aliyegeuka.

"Hawakuwa watu wabaya," aliendelea. "Walinipenda. Lakini jina lilikuwa limeshakaa. Nimeitwa Nyongeza mpaka nilipoolewa, nikaenda mbali, mahali ambapo hakuna aliyelijua. Sikumwambia mtu. Hata baba yako hakulijua mpaka anazikwa." Akamtazama mkwe wake. "Nilipoziona zile fulana, sikutaka ugomvi na wewe nyumbani kwako. Nikasema, basi kila mmoja avae zote mbili. Leo huyu awe ndiye mwenyewe, kesho mwenzake."

Dada Kopi aliinua uso. "Na sasa hivi, Mama? Wa kwanza ni yupi?"

"Siku za mwanzo nilikuwa nakumbuka. Baadaye nikaacha kukumbuka." Akamtazama mtoto mmoja, kisha mwenzake. "Makusudi."

Hasira ilikuwa imemjaa Dada Kopi mpaka kooni, lakini haikupata pa kutokea. Alimtazama yule mwanamke mrefu aliyekuwa akila naye meza moja, akinyoosha nepi za wanawe, amebeba jambo zito namna ile umri wote bila kulitua hata mara moja. Aliona kama hajawahi kumwona. Akasimama, akamshika mkono, akamketisha kitandani. Kisha akawavua watoto zile fulana, akawalaza uchi juu ya shuka, bega kwa bega.

"Fungua pazia," alimwambia mumewe.

Mwanga wa mchana ukaingia wote. Wakainama watatu. Kwanza walitafuta alama. Nyuma ya masikio, chini ya nyayo, kwenye kitovu, katikati ya vidole. Hakukuwa na kitu. Nyayo zilezile, mikunjo ileile ya mapaja, kisogo kilekile chenye nywele zinazozunguka upande mmoja. Palikuwa na lile jicho tu, na jicho ni la kupona. Fundi alipangusa jasho.

"Haiwezekani," alisema. "Haiwezekani kabisa."

Wakaacha kutafuta. Na kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya baada ya hapo, wakabaki wanatazama tu.

Upepo ulisukuma pazia. Mtoto mwenye jicho bovu akalifuata kwa macho, na liliporudi mahali pake hakuliacha, akalingoja litoke tena. Mwenzake hakuwa na habari na pazia. Yeye alikuwa anasikiliza. Baba yao alipokohoa, vidole vyake vikafunguka vyote kwa pamoja kama vinataka kuidaka ile sauti. Mmoja alipiga mwayo kwa uso mzima, mpaka masikio yakasogea. Mwingine alipiga wa kwake kwa pembe ya mdomo, kama mtu anayeficha siri. Mmoja alipapasa hewani mpaka akalipata sikio la mwenzake, akalishika, akatulia. Aliyeshikwa hakushtuka, alionekana amelizoea jambo hilo tangu huko walikotoka.

Dada Kopi alikuwa amewabeba, amesikia mioyo yao, amewanyonyesha mpaka akaishiwa nguvu. Na kumbe walikuja watu wawili kamili, kila mmoja na mambo yake, na yeye mama yao ndiyo kwanza anawaona.

"Nilikuwa nasoma fulana," alisema kwa sauti ndogo.

Mumewe hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti, kidevu ameegemeza kwenye godoro, anarudia neno moja tu. "Hebu tazama. Hebu tazama." Jokofu la watu alilisahau kabisa, mpaka mwenye jokofu alipopiga simu kwa hasira.

"Sasa tutawaitaje?" fundi aliuliza alipoinuka, miguu imekufa ganzi.

"Subirini," mama mkwe alisema. "Hawana haraka."

Wakasubiri. Siku zile wote wawili waliitwa "mwanangu" tu. Jicho likapona, na hakuna aliyepotea, kwa sababu kufikia hapo hata baba yao aliweza kuwatofautisha kwa mwayo, amewapa mgongo. Mwishowe yule wa kufuata pazia akapewa jina la marehemu mama yake Dada Kopi, kwa kuwa marehemu naye alikuwa mtu wa kukutazama mpaka ukumbuke makosa yako. Wa kusikiliza akachukua jina la shangazi. Huenda ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, huenda sivyo. Sasa ni wasichana wakubwa, na kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye mdogo, hasa siku za kuosha vyombo.

Dada Kopi alimuuliza mama mkwe jina la yule dada yake. Alitaka kulitumia. Mama mkwe alilitaja, na nyumba ile ikalisikia kwa mara ya kwanza. Kisha akatikisa kichwa. "Asante, mwanangu. Lakini hilo ni lake."

Likizo ilipokwisha Dada Kopi alirudi dukani. Utani haukumtoka; ungemtoka, angekufa. Fulana za watoto ziliendelea kuchapwa kule nyuma, na nyingine alizitungia maneno yeye mwenyewe. SINA MENO ILA NINA MSIMAMO ilikuwa yake, na iliuzwa kama maji ya baridi. Lakini siku moja alikuja baba mmoja kutaka ya mtoto wake wa mwisho: SAMAHANINI, SIKUPANGWA.

"Akishajua kusoma, atacheka?" Dada Kopi alimuuliza.

"Ni utani tu, dada."

"Najua. Utani ndiyo kazi yangu. Nauliza huyo mtoto, atacheka?"

Yule baba alikuna shingo. Alisema atamuuliza mkewe, akaondoka, na hakurudi. Fundi Fulana alinung'unika kwamba kwa mwendo huo watafunga duka. Inawezekana yule baba alichapisha kwingine, na inawezekana mtoto huyo amekua na anaionyesha fulana yake kwa rafiki zake, anacheka. Dada Kopi mwenyewe husema hajui. Anachojua ni kwamba mwenye kuvaa naye aulizwe, na kama hawezi kujibu, basi mtu amjibie kwa huruma.

Ila katika mambo yote ya mwaka ule, linalomfanya ashushe sauti akilisimulia ni lile la jioni moja, jua bado halijazama. Fundi majokofu alikuwa amerudi kazini. Buti lake moja lilikuwa limelowa maji, likagoma kutoka. Akalivuta amesimama, akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja, akajigonga mlangoni, akasema "Lo!"

Kitandani pakatoka sauti ambayo haikuwahi kusikika nyumbani humo. Ilikuwa fupi, kama maji yanayotoka kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Wote wakaganda. Ilikuwa ni yule wa kusikiliza. Alikuwa amecheka. Mwenzake alimgeukia, akamtazama mdomo kwa makini kabisa, kama anayechunguza sauti ile imetokea wapi. Kisha naye akacheka, kicheko cha kwake kikubwa, cha mwili mzima, miguu juu.

Dada Kopi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mtu ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kuchekesha watu alisimama pale machozi yanamtoka, hathubutu hata kupumua, asije akakikatiza.

"Usilivue!" mama mkwe alimwambia mwanawe kwa mnong'ono. "Ruka tena."

Fundi akaruka tena.